Dawa ya miti ikimdhuru mtu, habari yake inaishia wapi? (Matabibu na waganga wa Lamu na Malindi, karibuni)

Mwana_Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum jamaa zangu. Nazungumza na matabibu, waganga wa miti, wapiga chuku, wakunga na wenye maduka ya dawa za kisuna kuanzia Kiunga hadi Malindi. Nazungumza pia na wenzangu wa hospitali na famasi, kwa sababu jambo lenyewe limeanguka katikati yetu na hakuna anayeinama kuliokota.

Mimi ni mfamasia hapa Amu, mzaliwa wa Langoni, nimelelewa kwa dawa za miti kabla sijaonja kidonge. Kazi hunikutanisha na matabibu mara kwa mara. Ukikaa nao kitako utastaajabu wanavyoyajua madhara ya dawa zao. Huyu atakwambia shubiri haipewi mja mzito. Yule atakwambia kuna gome ambalo mgonjwa akilinywa kwa tumbo tupu huona kizunguzungu mpaka aanguke. Mwingine ana mti aliouacha kabisa tangu alipoona umemfurisha mtu uso. Elimu ipo. Lakini muulize, "Ulimwambia nani?" Hakumwambia mtu, au alimwambia mwanawe tu anayemrithisha kazi. Na ukimuuliza kama amewahi kusikia kwamba ipo fomu ya kupeleka habari kama hiyo, hukutazama kama unayemtafutia kesi.

Fomu ipo. Kenya ilianzisha mfumo wa kitaifa wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 2009 chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mwaka 2010 ikaingia katika mpango wa Shirika la Afya Duniani, ambao hukusanya ripoti za nchi wanachama katika hazina moja inayotunzwa Uppsala, Sweden. Fomu ya njano ni ya madhara: mtu ametumia dawa, akapatwa na jambo lisilotarajiwa. Fomu ya pinki ni ya dawa yenyewe inaposhukiwa: imegeuka rangi, imeganda, au inanuka isivyo kawaida yake. Zinapatikana kwa karatasi na katika mtandao wa Bodi. Na ile ya njano, pale unapoorodhesha dawa alizotumia mgonjwa, inataka dawa za mitishamba zitajwe pia. Nafasi yenu imo ndani ya karatasi ile.

Nieleze mpango huu ulitoka wapi, maana wengi hudhani ulibuniwa kuwabana waganga. Ulitokana na dawa ya kiwandani. Mwaka 1957 kampuni moja ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomide, kidonge cha usingizi kilichosifiwa kuwa salama mno. Wajawazito wakakitumia kwa kichefuchefu. Watoto wakazaliwa bila mikono, au na viganja vilivyoota mabegani. Mwishoni mwa 1961 madaktari wawili, Widukind Lenz wa Hamburg na William McBride wa Australia, kila mmoja kwake, wakasema hadharani kwamba wanakishuku kidonge hicho. Hapo ndipo kilipoondolewa, na tayari watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamedhurika katika nchi mbalimbali. Wakunga na madaktari wengi walikuwa wameshaona mtoto mmoja mmoja, na kila mmoja akadhani ni mkosi wa nyumba ile. Mwaka 1968 nchi 10 zikaanza kupelekeana ripoti katika mpango huo wa Shirika la Afya Duniani, ili jambo lile lisijirudie.

Sasa nije kwenye miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, iliwapa wanawake vidonge vilivyochanganywa na unga wa mizizi ya Kichina. Mzizi uliokusudiwa ni wa mmea uitwao Stephania tetrandra. Ulioingia ni wa mmea mwingine, Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la mwenzake. Wanawake wakaanza kuharibikiwa na figo. Madaktari wa figo waliona wagonjwa wasio wazee wakija na ugonjwa wa namna moja, wakauliza walikopita, wakakuta wote wametokea kliniki ile ile. Habari ikachapishwa mwaka 1993. Walioharibikiwa walipita 100, baadhi wakabadilishwa figo, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo aliyewapa dawa hakukusudia ubaya, mmea uliotajwa haukuwa na kosa, na bado watu waliangamia. Lililookoa waliobaki ni mtu kuuliza "umetumia nini" na kuliandika jibu.

Je, sisi tuko mbali na hayo? Mwarobaini hapa kwetu kila ua unao. Majani yake tunayajua. Lakini mafuta ya mbegu zake, akinyweshwa mtoto mchanga, yameleta kutapika, usingizi mzito, kuhema kwa kasi na degedege. Visa vya watoto wa Malaysia viliandikwa katika jarida la udaktari mwaka 1981. Kuna na mti mwingine unaofanana nao, Melia azedarach, wenye maua ya zambarau na matunda ya manjano, ambao watu huuita mwarobaini vile vile. Matunda yake yana sumu. Mtu wa shamba atautambua kwa jani, lakini aliyetumwa sokoni kununua unga kwenye mfuko atautambuaje? Mafuta ya karafuu tunayopaka jino, mtoto akimeza kiasi kidogo tu anaweza kuharibika ini. Na wanja tunaowapaka watoto machoni, mwingi unaouzwa una madini ya risasi, ambayo huingia mwilini polepole na kudumaza akili ya mtoto.

Halafu yapo ya kuchanganya. Mwenye sukari anameza glibenclamide ya hospitali, na nyumbani anakunywa uwatu na juisi ya karela. Vyote vitatu hushusha sukari. Akianguka alfajiri, hospitali watasema hakula, jirani watasema ni jini, na tabibu aliyempa uwatu hatasikia habari kabisa.

Najua wapo watakaosema kuripoti ni mambo ya Kizungu. Tazameni India. Ayurveda, Unani na Siddha ni tiba zenye vitabu vya kale, na matabibu wake hawaoni haya kwa mtu yeyote. Mwaka 2008 walianzisha mpango wao wenyewe wa kitaifa wa kufuatilia madhara ya dawa hizo. Walikuwa na sababu: mwaka 2004 uchunguzi uliochapishwa Marekani ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston na kukuta 14 zina madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Hata huko, tatizo linalosemwa kila siku ni kwamba matabibu wengi hawajui pa kuripoti, au wanajua na hawaripoti. Nasi tusingoje wageni waje kutupimia unga wetu.

Ombi langu kwa matabibu ni kwamba muwe wa kwanza kuandika. Nyinyi ndio mnaomwona mgonjwa kabla yetu, na mara nyingi baada yetu pia. Semeni hapa kinachowazuia.

---

Tabibu_Barani

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi niko Malindi, kazi hii nimeachiwa na marehemu babangu naye aliachiwa na wake. Umesema kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu.

Kinachotuzuia ni mambo yaliyotupata. Kila mtu wa ofisi anapokuja kutuuliza kuhusu dawa, baada yake huja mmoja wa haya mawili: askari, au mtu wa kampuni anayetaka kujua mti gani tunatibu nao nini. Mwaka huu ataniuliza jina la mzizi, mwaka ujao nitauona kwenye chupa ukiwa na jina lake. Pili, mgonjwa akizidiwa mkononi mwangu ni "mganga ameua". Akizidiwa mkononi mwa daktari ni "amri ya Mungu". Ukinipa karatasi niandike kwa mkono wangu kwamba dawa yangu imemdhuru fulani, si nimejiandikia hati ya kukamatwa?

Tatu, dawa zenu nazo hudhuru. Nimepokea watu wenye matumbo yaliyotoboka kwa vidonge vya maumivu. Mbona hamjaniuliza mimi hayo?

---

Mwana_Langoni

Maalim, yote matatu ni ya haki, na la tatu ndilo zuri zaidi. Hayo ya matumbo ndiyo hasa ya kuandikwa kwenye fomu ya njano. Vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen vinajulikana kwa kuchoma tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee wanaovinunua bila kipimo. Nawe ndiwe unayewaona, kwa sababu mtu akiumwa na tumbo kwa dawa ya famasi hakimbilii kurudi famasi, hukimbilia kwako. Hakuna kanuni inayokulazimu uripoti dawa yako tu.

Kuhusu kujiandikia hati: fomu yenyewe inasema kwamba kupeleka ripoti si kukiri kuwa mtoa dawa au dawa yenyewe ndiyo iliyosababisha madhara. Haikutaki uwe na hakika. Shaka yatosha. Jina kamili la mgonjwa halihitajiki, herufi za mwanzo zinatosha. Wanachotaka ni umri, uzito ukiujua, kama ni mja mzito, alitumia nini na tangu lini, nini kikamtokea na siku gani, na sasa yu hali gani.

Na siri ya mti, sitakudanganya. Ripoti isiyotaja mmea haina faida kubwa, kwani wanaosoma hawataweza kuiunganisha na ripoti nyingine. Lakini kutaja kwamba mgonjwa alikunywa mzizi wa mti fulani si sawa na kutoa namna unavyouchimba, unavyouchanganya na unavyoupima. Hayo yabaki kwako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili na kuitaka serikali iiwekee utaratibu, na hofu ya kuibiwa elimu ni jambo la kudai kwa sauti kubwa huko kwenye utaratibu. Niko nawe katika hilo. Ila mgonjwa hawezi kungoja mpaka litatuliwe.

---

Nesi_Mkomani

Nakubaliana na mwanzisha uzi lakini lawama nyingine nitazitupa kwetu wa hospitali. Mgonjwa anapoingia tunauliza "unatumia dawa yoyote?" Atajibu la, na kwa akili yake amesema kweli, maana majani ya kuchemsha kwake si dawa, ni chai. Tena akikumbuka alivyofokewa mara ya mwisho alipotaja mganga, atanyamaza hata akiwa na chupa mkobani.

Mimi siku hizi huuliza hivi: "Mama, nyumbani unakunywa nini, unajipaka nini, unajifukiza nini? Nani mwingine anakusaidia na haya maradhi?" Yanatoka yote. Nimeshakuta mwenye presha anayepewa dawa ya kukojoza hospitali na huku anaharisha kwa shubiri kila asubuhi ili "asafishe mwili". Dawa ile inamtoa potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji, na shubiri nayo inamtoa, moyo ukaanza kupiga ovyo. Daktari alitibu moyo. Fomu hakuna aliyejaza, na humo wodini zilikuwako.

---

Kheri_Tupu

Mnatisha watu bure. Dawa za asili hazina madhara, ni mimea aliyoumba Mungu. Madhara ni ya kemikali.

---

Tabibu_Barani

@Kheri_Tupu, wewe kijana si mganga, maana hakuna mganga aliyefundishwa kazi atakayetamka hayo. Mnanaha ni mmea wa Mungu. Huvutwa moshi wake kwa pumu, na akizidishiwa mtu macho humtoka, koo humkauka, akaanza kusema na wasioonekana. Muhogo mchungu ni mmea wa Mungu, nao usipolowekwa huua nyumba nzima. Babangu alinifundisha kipimo kabla hajanifundisha mti. Mti usioweza kudhuru hauwezi kutibu pia. Msitusifu kwa maneno yanayotufanya tuonekane wajinga.

---

Bint_Pate

Nina swali la kweli. Mwanangu tulimpaka hina mikono na miguu alipofika arubaini. Baada ya siku chache macho yakawa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, akawa amelegea. Tulivuka naye mashua mpaka hospitali, akaongezwa damu, alhamdulillahi akapona. Hakuna aliyeniuliza habari ya hina nami sikuifikiria. Juzi nimesoma mahali kuwa hina inaweza kufanya hivyo. Ni kweli? Na kama ni kweli, naripoti wapi jambo lililokwisha pita?

---

Mwana_Langoni

Dada yangu, pole sana, na alhamdulillahi kwa salama.

Ni kweli inawezekana. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Pwani yetu hii upungufu huo ni wa kawaida, kwa sababu unamkinga mtu kiasi fulani na malaria kali, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwenye hali hiyo hukaa vizuri tu mpaka akutane na kitu kinachochoma damu yake: baadhi ya dawa za malaria kama primaquine, baadhi ya dawa nyingine za hospitali, na hina pia, hasa ikipakwa mwili wa mtoto mchanga ambaye ngozi yake ni nyepesi. Chembe hupasuka, macho huwa manjano, mkojo hubadilika rangi. Maelezo yako yanafanana na hayo, ingawa mtoto mchanga ana sababu nyingine nyingi za kuwa manjano. Nenda naye hospitali, waambie uliyoniambia, waombe kipimo cha G6PD. Ikithibitika, kila atakayempa dawa maishani lazima aambiwe.

Kuripoti, ndiyo, hata kama yamepita. Mgonjwa au mzazi anaweza kuripoti mwenyewe. Nenda na kadi ya hospitali, mwambie mfamasia wa kituo mjaze pamoja. Hina hukuitumia kama dawa, lakini waeleze hivyo hivyo.

---

Faza_Mjini

Mnasema mtandao wa Bodi. Huku kwetu kuna vijiji ambavyo kupata mtandao ni kupanda juu ya dari, na kituo cha afya chenye fomu ni safari ya mashua, nayo kusi ikivuma haiendi. Tabibu wa Kizingitini atajazaje?

---

Nesi_Mkomani

@Faza_Mjini kwa daftari. Kila tabibu awe na daftari, hata la shule. Aandike siku ile ile, kwa Kiswahili, kwa maneno yake. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, na kila mwezi wanapeleka taarifa zao kituoni. Wanakili yaliyomo daftarini na mfamasia ayahamishe kwenye fomu. Lililo zito, kama mtu kulazwa, kupata degedege, kuharibika mimba au kufariki, lisingoje mwisho wa mwezi, lipigiwe simu kituoni.

---

Tabibu_Barani

Daftari nimeelewa, na nitalianza. Lakini nitajuaje kama ni dawa iliyomdhuru au ni maradhi yake tu? Mtu akija na homa nikampa majani, kesho akatapika, huenda homa ndiyo inayomtapisha.

---

Mwana_Langoni

Maalim, huku kwetu tunauliza maswali ambayo nadhani wewe huyauliza pia bila kuyaandika. Je, alianza kutapika baada ya dawa au kabla? Muda uliopita unaingia akilini? Alipoiacha dawa, hali ilitulia? Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi, kama malaria au chakula? Amewahi kupatwa na hayo hayo alipotumia dawa hiyo zamani? Hili la mwisho uliza tu, usimpe tena makusudi ili kujaribu. Ukishayaandika majibu, hukumu si juu yako. Wapo waliosomea kuipima, nao huitia katika madaraja: hakika, yaelekea, yawezekana, haielekei. Ripoti yako moja huenda ikawekwa kwenye "yawezekana" ikakaa. Ikija ya Mambrui, na nyingine ya Witu, zote za mmea ule ule na madhara yale yale, hapo ndipo mtu wa Nairobi atakapoinua kichwa.

---

Tabibu_Barani

Basi la mwisho. Siku hizi vijana wanaleta vifuko vya unga vya kutoka mjini na nje ya nchi. Dawa za nguvu za kiume, za kunenepa, za viungo. Vimeandikwa "mitishamba asilia". Mimi sivijui, sivigusi, lakini wagonjwa huja kwangu navyo baada ya kudhurika. Mmoja alikuwa mwenye maradhi ya moyo, alianguka. Kifuko hicho ninacho. Nakifanyia nini?

---

Mwana_Langoni

Usikitupe, Maalim. Nchi nyingi zimekuta vifuko vya namna hiyo vimetiwa dawa za kiwandani kwa siri. Vya nguvu za kiume hutiwa sildenafil, na mwenye moyo anayetumia dawa za naitreti, zile za maumivu ya kifua, akiinywa, presha huporomoka ghafla. Vya kunenepesha na vya viungo hutiwa steroidi kama dexamethasone, ambazo humfurisha mtu uso, humpandisha sukari, na akiziacha ghafla mwili hulegea hata akafa. Hapo tutajaza fomu mbili: ya njano kwa yaliyompata mgonjwa, na ya pinki kwa unga wenyewe.

Kifunge kifuko jinsi kilivyo, na unga uliobaki ndani yake, ukitie kwenye mfuko mwingine mkavu, ukiweke mbali na jua na watoto. Andika juu yake: kilinunuliwa wapi, lini, bei gani, alikitumia kiasi gani. Usikate lebo, nambari ya toleo iko pale. Na kwa dawa zako mwenyewe, kila unapochimba mzizi au kukata gome jipya, kata na kijitawi chenye majani, na maua au matunda yakiwepo, ukilaze ndani ya gazeti chini ya kitu kizito mpaka kikauke, uandike tarehe na mahali ulipokikata. Siku likitokea jambo, kijitawi hicho ndicho kitakachoonyesha mtu amekunywa mti gani.

Nitumie ujumbe wa ndani tukubaliane siku, nije Malindi na fomu.